Juni na Desemba za Zohali

Waliohudhuria: Mwalimu Zablon, Mkuu wa Shule, mimi Mektilda, makamu wake na mwandishi wa kikao, Mwalimu Masolwa, wa nidhamu na mazingira, Mwalimu Julieth, wa fizikia, aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza kazini, na Bi. Agnetha, mgeni, aliyetoka Tura kwa niaba ya baba yake. Walimu wengine walikuwa wakisimamia mitihani ya muhula na waliomba udhuru. Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi Mei, mwaka 2025, ofisini kwa Mkuu, alasiri, saa ambayo kila aliyekuwamo alitamani kuwa mahali pengine.

Bi. Agnetha alileta ujumbe mmoja tu. Baba yake, Mwalimu Octavian, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa shule yetu, alikuwa akiumwa. Kisukari kilikuwa kimechukua jicho la kushoto na sasa kilikuwa miguuni. Daktari alimshauri asipange mambo ya mbali. Yeye alijibu kwamba hana la mbali, analo la mwezi wa sita: katika mwezi huo Zohali ingefunga duara, na aliomba shule imruhusu aje alisukume jiwe kwa mkono wake hadi lipite mstari. Baada ya hapo, alisema, mambo mengine yangejipanga yenyewe.

Kwa asiyeifahamu shule yetu, sina budi kueleza. Iko nje kidogo ya Tabora, kando ya njia ya kale ya misafara, ile iliyowapitisha wapagazi wa Kinyamwezi wakitoka pwani kwenda Ujiji na kurudi. Mwalimu Octavian alipoifungua, Januari 1996, hapakuwa na maabara wala kitabu cha kutosha kundi moja la wanafunzi. Kulikuwa na uwanja mpana na mawe mengi. Akachora maduara kwa chokaa, moja ndani ya jingine, akaweka Jua katikati, na kwenye kila duara akaweka jiwe moja la sayari. Pembeni mwa kila duara alizika vikokoto vyeupe kuwa alama, na mstari mmoja wa saruji ukayakata maduara yote kutoka katikati hadi ukingoni. Hapo ndipo mawe yote yalipoanzia safari siku moja.

Alifundisha kwa lugha ambayo watoto wa hapa huelewa bila kuchoka. Sayari ni wapagazi, alisema, na kila mmoja ana njia yake na mwendo wake. Zebaki ni yule mwepesi anayerudi kabla ya miezi mitatu kwisha, hata jasho halijakauka. Zuhura hurudi kwa miezi saba na nusu, Dunia kwa mwaka, Mirihi karibu miwili. Mshtarii anakuja mtoto aliyezaliwa siku ya kuondoka akiwa amemaliza darasa la tano. Zohali anakuja mtoto huyo akiwa na watoto wake. Uranusi huchukua umri wa mzee aliyejaliwa. Kuhusu Neptuni aliwaambia watoto watazame barabara iliyo nje ya lango: tangu pembe za ndovu zilipokuwa zikipita pale mabegani, Neptuni imelizunguka Jua mara moja tu. Mwaka 2006, wataalamu walipoiondoa Pluto katika hesabu ya sayari na kuiita sayari kibete, wanafunzi walitaka jiwe lake litupwe. Alikataa. Mpagazi akishushwa cheo, alisema, hapunguziwi safari; Pluto bado ana karibu miaka mia mbili na hamsini ya kutembea. Badala ya kuondoa jiwe, akaongeza mengine mawili ya vibete: Seresi, anayerudi kabla ya miaka mitano, na Erisi, ambaye kwake karne tano hazitoshi.

Alistaafu mwishoni mwa mwaka 2009. Waliofanya kazi naye wamehamishwa au wamestaafu pia. Sisi tulirithi desturi na tukaitunza: Zebaki na Zuhura husukumwa kila Ijumaa, Dunia, Mirihi, Seresi, Mshtarii na Zohali husukumwa alama moja kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, zile za mbali husukumwa mara moja kwa mwaka, siku ya kufungua shule. Kazi hiyo ni ya kidato cha pili. Hakuna jiwe linalonyanyuliwa, yote husukumwa. Nilikuwa nikijivunia kwamba katika shule yenye upungufu wa kila kitu, hilo halikuwahi kukosewa.

Mkuu alimhakikishia Bi. Agnetha kwamba baba yake angepokelewa kwa heshima zote, kisha tukatoka nje kulitazama jiwe.

Jiwe la Zohali ni nusu ya jiwe la kusagia, jeusi, lenye mgongo uliolainika. Tulilikuta upande wa jikoni. Mstari wa saruji ulikuwa mbali nalo, kiasi kwamba mtu aliyesimama kwenye jiwe angelazimika kupaza sauti ili asikike na aliyesimama mstarini. Mwalimu Julieth alitembea kutoka jiwe hadi mstari akihesabu vikokoto, akarudi, akahesabu tena. Zilikuwa alama thelathini na kitu.

Mwalimu Masolwa alisema kwa upole kwamba mzee amekosea hesabu, na kwamba si ajabu kwa umri wake.

"Hesabu yake ni sahihi, Mwalimu," Julieth akasema. "Zohali ni miaka ishirini na tisa na nusu hivi. Toka Januari tisini na sita, inaangukia mwezi ujao."

"Wewe mtoto wa juzi. Tisini na sita ulikuwa wapi?"

"Sikuwapo. Ila Zohali ilikuwapo."

Mkuu alicheka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza wiki ile. Masolwa hakucheka. Ni mtu wa Igunga, mfupi wa maneno, na uwanja ule ameusimamia kwa miaka mingi kama mwingine anavyosimamia zizi la ng'ombe wake. Alieleza, bila kuulizwa, kwamba hakuna Ijumaa ya kwanza ya mwezi iliyopita bila jiwe kusukumwa, isipokuwa miezi ile michache ya korona shule zilipofungwa. Alituonyesha Neptuni na Pluto. Tulihesabu alama, na mawe yote mawili yalikuwa mahali pake kabisa. Hilo lilituchanganya zaidi: mawe ya mbali yalikuwa sahihi, na hili la karibu lilikuwa nyuma.

Ndipo Julieth akauliza kuhusu Dunia. Alisema kwamba Januari, alipokuwa mgeni, aliona wanafunzi wakilivuta jiwe la Dunia ili lifike mstarini kwa ajili ya mwaka mpya, na hakuelewa kwa nini lilikuwa nyuma kwa alama mbili.

Masolwa alijibu kwamba hiyo ni kawaida ya kila mwaka. Uzembe wa kidato cha pili. Huwapa adhabu, mwaka juzi walifyeka nyasi siku mbili.

"Alama mbili kila mwaka?"

"Kila mwaka. Hawasikii."

Julieth alitazama chini, kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kumvunjia mkubwa heshima. "Mwalimu, mwezi wa sita na wa kumi na mbili, wanafunzi wakiwa likizo, nani anasukuma?"

Sikumbuki kama nilikuwa nafikiri. Nakumbuka kwamba jikoni walikuwa wanaosha masufuria.

"Sisi," akasema Bi. Agnetha.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa duara la Erisi, mikono mapajani. Alisema walikuwa wakiishi katika nyumba ile ya mwalimu mkuu, yenye bati jekundu, na kila likizo baba yao aliwatoa watoto wote watano kuja kusukuma. Desemba walifanya hivyo wakiwa tayari wamevaa nguo za kanisani. Mama yao alilalamika kwa ajili ya vumbi. Hakuna aliyedhani kwamba ni jambo la kusimuliwa. Ilikuwa kama kufunga mbuzi.

Hivyo ndivyo tulivyolielewa kosa letu. Mwalimu Octavian aliona hakuna haja ya kumwambia mtu kwamba Juni na Desemba ni miezi. Sisi, ambao maisha yetu yamepangwa kwa mihula tangu tukiwa na miaka saba, tuliyapangia na mawe mihula. Kwa miaka kumi na mitano Zohali imekuwa ikienda likizo pamoja na walimu, na kila Januari tumewaadhibu watoto kwa sababu Dunia nayo ilikwenda.

Tulirudi ofisini. Nitaeleza kwa kifupi, maana majadiliano yalikuwa marefu na hayakuwa na nguvu. Mkuu alikuwa na wakaguzi wiki iliyofuata, paa la bweni lililoezuliwa na upepo, na walimu wawili wa hisabati wasiokuwapo. Pendekezo lake lilikuwa la mtu aliyechoka, na sikumlaumu: jiwe livutwe taratibu hadi mstarini, mzee aje, asukume alama ya mwisho, apigiwe makofi, arudi nyumbani na furaha yake. Nani angeumia? Masolwa aliunga mkono haraka. Nilielewa kwamba alikuwa anatetea zaidi ya jiwe. Julieth alipinga, kisha akaomba radhi kwa kupinga, kisha akapinga tena.

"Baba anaona kwa jicho moja," Agnetha akasema. "Hatajua." Kisha akaongeza: "Mimi nitajua. Lakini mimi si neno."

Mkuu alinigeukia. Madam, akasema, wewe ni mtu wa utaratibu, nenda Tura ukazungumze naye, utakayokubaliana naye tutayafuata. Nilikuwa na mafungu matatu ya karatasi za kusahihisha, na tangu Aprili nilikuwa nikihesabu wiki zilizobaki hadi niende Sikonge kwa mama yangu, nilale hadi jua lipande. Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Jumamosi tulipanda treni pamoja na Bi. Agnetha. Mabehewa yalikuwa yamejaa. Tulikaa juu ya magunia ya mtu, kwa ruhusa yake. Msitu wa miombo ulipita taratibu, mizinga ya nyuki ikining'inia, nami nikasinzia na kuamka bila kupumzika. Njia ya reli pale inafuatana na njia ya wapagazi karibu hatua kwa hatua. Mwalimu mmoja wa historia aliwahi kuniambia kwamba walichukua zaidi ya wiki moja kutoka Tura hadi Tabora wakiwa na mizigo. Siku ile niliona ni mwendo wenye busara.

Mwalimu Octavian alikuwa ameketi uani kwake, nyuma ya stesheni, kwenye kiti cha kamba, mguu mmoja ukiwa umefungwa bandeji na kuinuliwa juu ya kigoda. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za paa la bweni. Habari zilikuwa zimemfikia. Nilimweleza yote kwa mpangilio: alama zilizopungua, sababu yake, na kwa kuwa sikutaka kuondoka na kitu mfukoni, pendekezo la kulivuta jiwe. Sikumtaja aliyelitoa.

Alisikiliza akiwa ameelekeza uso pembeni, upande wa jicho zima.

"Kwa hiyo hamkujua," akasema.

"Hatukujua, Mwalimu."

"Nami sikusema." Alijikuna juu ya bandeji. "Mtu anafundisha miaka thelathini na tano, na lile moja anafikiri linajulikana."

Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa letu. Alitikisa mkono kama anayefukuza nzi. Aliuliza kama Neptuni iko sawa, nikasema iko sawa. Aliuliza kuhusu Pluto. Alionekana kuridhika, kama mtu aliyeambiwa kwamba ndugu wa mbali hawajambo.

Kisha nikamuuliza kuhusu jiwe. Bi. Agnetha alileta uji, akamsaidia kushika bakuli, naye akamtania kwamba siku hizi anamnywesha kama ndama aliyekataliwa na mama yake. Agnetha akasema ndama hana maneno mengi hivyo. Walicheka wote wawili, taratibu.

"Mektilda," akasema alipomaliza, "nataka sana kulipitisha jiwe lile. Sitakuficha. Nimelala hospitali mara mbili mwaka huu, na mara zote nilikuwa nahesabu Zohali. Mke wangu alikuwapo tulipoliweka. Lakini mkilivuta, nitakuwa nimepitisha jiwe tu. Jiwe ninaweza kupitisha hapa uani."

"Tufanyeje basi?"

"Lisivutwe. Na lisikimbizwe asubuhi moja, watoto wakishindana. Kila alama ni mwezi, na kila mwezi kuna mtu aliyekwenda akainama. Mkipata watu wa kuinama, niiteni. Msipopata, mwambieni Zablon asijisumbue, nami nitakaa hapa."

Aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hatuna deni kwake. Baada ya hapo alisinzia kitini. Bi. Agnetha alimfunika miguu kwa khanga, tukaondoka tukitembea polepole ili changarawe zisimwamshe.

Nilirudi Tabora siku ya pili yake, peke yangu, nikiwa nimesimama karibu safari nzima. Ni katika hali hiyo ndipo nilipoona jambo ambalo lingeonekana mapema na mtu aliyelala vizuri. Alama zilizopungua zilikuwa thelathini na kitu. Likizo ya Juni, tangu wanafunzi wanapoondoka hadi wanaporudi, ni siku thelathini na kitu pia. Kama kila asubuhi ya likizo hiyo mtu mmoja angeinama na kusukuma alama moja, kila siku moja ingelipa mwezi mmoja, na jiwe lingefika mstarini kabla shule haijafunguliwa. Zohali halisi huko juu ingekuwa imetangulia kwa wiki chache. Kwa safari ya miaka ishirini na tisa na nusu, hilo si la kugombania.

Nilitamani nisiwe nimeona. Mtu wa kuinama kila asubuhi alipaswa kuwa mtu anayebaki, na nilijua hali ya kila mmoja wetu. Mkuu alikuwa na mke aliyejifungua Nzega. Julieth hakuwa ameiona familia yake tangu Januari. Masolwa alikuwa na mavuno. Mimi nilikuwa na usingizi tu, na mama yangu mwenye afya, ambaye angeelewa na kulalamika. Nilitafuta sababu nyingine hadi treni iliposimama, sikuipata. Hapakuwa na hisia kubwa ndani yangu. Ilikuwa kama kuona sufuria chafu na kujua kwamba aliye karibu na maji ni wewe.

Jumatatu, baada ya vipindi, tulikutana tena, wale wale isipokuwa Bi. Agnetha. Niliwaeleza maneno ya Mwalimu Octavian kama alivyoyasema. Mkuu alipangusa miwani kwa muda mrefu. Masolwa alisema, akitazama dirishani, kwamba wale watoto wa mwaka juzi sasa wako kidato cha nne, na kwamba mmoja wao alikuwa amemwambia wazi kuwa walisukuma kila mwezi, naye akamwongezea adhabu kwa ubishi. Julieth alimsogezea kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake mwenyewe, naye akakipokea.

Mkuu akasema kwamba aliyekwenda Tura ndiye aseme la kufanya. Nilisimama, ingawa si desturi yetu kusimama katika vikao vidogo, kwa sababu niliogopa kwamba nikiendelea kukaa ningesema lingine.

"Jiwe la Zohali halitavutwa," nikasema. "Kuanzia asubuhi wanafunzi watakapoondoka, litasukumwa alama moja kila siku hadi ibaki moja. Hiyo ni ya Mwalimu Octavian. Nitakwenda Tura mwenyewe kumchukua, na akishindwa kuinama tutamshika. Kesho kwenye paredi, Mwalimu Masolwa atawaambia wanafunzi wa kidato cha nne kwamba Dunia haikuchelewa kwa uzembe wao. Na toka sasa Juni na Desemba zitakuwa na zamu kama miezi mingine. Zamu ya Juni hii ni yangu. Mimi nabaki, nyinyi nendeni likizo."